Kwa nini kisomo cha watu wazima Ijara hakina budi kupitia msikitini

MFUGAJI wa Ijara ambaye hajawahi kuketi darasani anasoma mambo mengi. Anasoma nyayo za ng'ombe aliyepotea. Anasoma alama ya moto iliyo ubavuni mwa mnyama na kutambua ni wa ukoo upi. Anasoma pia mawingu yanayotoka upande wa bahari na kuamua iwapo ahame au asubiri.

Upungufu wake hujitokeza siku anapokutana na karatasi. Katika ofisi ya chifu, zahanatini au kituoni mwa kupigia kura, hutakiwa kutia alama ya kidole gumba chini ya maneno aliyosomewa na mtu mwingine. Hana njia ya kujua kama aliyosomewa ndiyo yaliyoandikwa.

Kwa zaidi ya miaka 40 sasa, serikali ya Kenya imejaribu kuwaondolea wananchi wa aina hiyo utegemezi huo kupitia madarasa ya watu wazima. Katika maeneo ya Kaskazini Mashariki, juhudi hizo zimezaa matunda machache kuliko kwingineko nchini.

Sababu zinazotajwa mara kwa mara ni umaskini, ukame, kuhamahama na ukosefu wa usalama. Zote ni za kweli. Hata hivyo, ipo nyingine isiyojadiliwa vya kutosha: kwa muda mrefu kisomo kimepelekwa kwa wakazi hao kana kwamba hawajawahi kuona herufi, ilhali karibu kila kitongoji kina duksi na msikiti ambamo kusoma hufundishwa kila siku.

TAKWIMU ZA MWAKA WA 2006

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu kisomo cha watu wazima uliofanywa mwaka wa 2006 ndio uliofichua ukubwa wa pengo hilo. Badala ya kuwauliza watu iwapo wanajua kusoma na kuandika, watafiti waliwapa mtihani wakazi wenye umri wa miaka 15 na zaidi.

Matokeo yalionyesha kwamba asilimia 61.5 ya Wakenya wa umri huo walikuwa wamefikia kiwango cha kujua kusoma na kuandika. Waliobaki, asilimia 38.5, walikadiriwa kuwa watu milioni 7.8.

Jiji la Nairobi liliongoza kwa asilimia 87.1. Uliokuwa mkoa wa Kaskazini Mashariki, uliojumuisha Garissa, Wajir, Mandera na Ijara, ulishika mkia kwa asilimia 8.0. Kwa maneno mengine, kati ya kila watu wazima 100 mkoani humo, 92 hawakufikia kiwango kilichowekwa.

Mikoa iliondolewa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na Ijara, ambayo makao yake ni Masalani, sasa ni sehemu ya Kaunti ya Garissa. Mpangilio wa utawala umebadilika, lakini Garissa, Wajir na Mandera zingali miongoni mwa kaunti zilizo nyuma zaidi kielimu.

Tarakimu hiyo ya asilimia 8 yahitaji kufafanuliwa. Kwa mujibu wa maana iliyotolewa na UNESCO mwaka wa 1958, mtu anayejua kusoma na kuandika ni yule anayeweza kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na mepesi kuhusu maisha yake ya kila siku.

Maneno yenye uzito hapo ni "kwa kuelewa". Mzee aliyehitimu duksi anaweza kufungua msahafu na kuusoma kwa ufasaha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini kama hafahamu Kiarabu, na hawezi kumwandikia mwanawe barua kwa lugha yoyote, mzee huyo huhesabiwa miongoni mwa wale 92.

Hesabu hiyo haina kosa kwa kipimo kilichotumiwa. Kosa ni la anayeitazama na kudhani kwamba mzee huyo ni ubao mtupu.

DUKSI NI SHULE

Duksi ni jina la Kisomali la chuo cha Kurani. Kwa desturi, mwanafunzi huandika aya kwenye ubao, unaoitwa loox, kwa kalamu ya kijiti na wino wa makaa. Akishahifadhi aliyoandika, huosha ubao na kuanza upya. Familia zinapohama kutafuta malisho, maalim huweza kuhama nazo.

Shule hiyo haihitaji jengo wala dawati, na mshahara wa mwalimu wake hutolewa na wazazi wenyewe. Kwa hiyo duksi imeishi palipokufa madarasa mengi ya serikali.

Aliyepitia huko tayari ana maarifa yanayomgharimu mwanafunzi mpya miezi mingi. Anajua kwamba alama iliyoandikwa husimamia sauti. Anajua tofauti ya konsonanti na irabu, amezoea kufuata mstari kwa jicho, na mkono wake umeshashika kalamu.

Jambo la kutaja ni kwamba hata mbinu ya duksi yenyewe ilizaliwa kutokana na kisomo kwa lugha ya mama. Kwa mapokeo ya Wasomali, shehe wa karne za kale aitwaye Yusuf al-Kawneyn, maarufu kama Aw Barkhadle, ndiye aliyezipa irabu za Kiarabu majina ya Kisomali ili wanafunzi wasioijua lugha hiyo waweze kuziendeleza herufi. Hadi leo watoto huimba majina hayo duksini.

Dini yenyewe haina ugomvi na kisomo. Waislamu wanaamini kwamba ufunuo wa kwanza aliopewa Mtume Muhammad ulianza kwa amri ya kusoma. Na sira yake inaeleza kuwa baada ya vita vya Badr, mateka waliojua kuandika waliachiliwa kwa sharti la kuwafundisha watoto kumi wa Madina kila mmoja. Walimu hao hawakuwa Waislamu, na somo lao lilikuwa herufi.

Isitoshe, watu wazima wa Ijara tayari wana darasa lao. Nalo ni darsa, mafunzo yatolewayo msikitini, hasa kati ya sala ya magharibi na isha. Wazee huketi, shehe husoma na kufasiri, na maswali huulizwa. Tofauti na kisomo ni kwamba darsani anayeshika kitabu ni mmoja, na wengine husikiliza.

JINA MOJA, TAHAJIA TATU

Kuvuka kutoka ubao wa duksi hadi daftari la kisomo si jambo la siku moja. Kuna vikwazo vitatu ambavyo mwalimu hana budi kuvijua.

Cha kwanza ni mwelekeo. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto na herufi zake huunganishwa, na irabu fupi ni alama ndogo zinazowekwa juu au chini. Kiswahili na Kisomali huandikwa kutoka kushoto kwa herufi za Kilatini, na kila irabu ina nafasi yake kamili kwenye mstari.

Cha pili ni tahajia. Kisomali kilipewa rasmi herufi za Kilatini nchini Somalia mnamo Oktoba 1972. Katika mfumo huo, herufi c husimamia sauti ya ain, nayo x husimamia ile h nzito ya Kiarabu. Hivyo Ali huandikwa Cali, Omar huwa Cumar, na Hassan huwa Xasan.

Kitambulisho cha Kenya, kwa upande mwingine, humwandika mtu yuyo huyo kwa tahajia ya Ali, Omar au Hassan. Mwanakisomo wa Ijara basi hukutana na jina lake kwa sura tatu: ya Kiarabu aliyoizoea duksini, ya Kisomali anayoiona katika vitabu vya lugha yake, na ya serikali inayotawala kadi iliyo mfukoni mwake.

Cha tatu ni sauti zenyewe. Kisomali na Kiarabu havina sauti za p na v, ilhali Kiswahili kinazo. Neno polisi kwa Kisomali ni booliis, na posta ni boosta. Mwanafunzi anayechanganya p na b kwa hivyo si mzito wa akili. Sikio lake halijafundishwa kutofautisha sauti hizo mbili.

Mwalimu aliyepitia duksi huviona vikwazo hivi mapema. Anaweza kuandika ain ubaoni, kando yake c ya Kisomali, kisha aonyeshe jinsi jina hilo lilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Mwalimu asiyejua duksi huanzia a, e, i, o, u, na mzee wa miaka 60 akahisi amerudishwa utotoni.

JINA LILILOWATIA WATU HAYA

Heshima hiyo ni jambo zito. Nchini Kenya, madarasa ya watu wazima yalipewa jina la ngumbaru, neno ambalo kwa miaka mingi limetumiwa kwa dhihaka. Mtu mzima mwenye wake na wajukuu haoni fahari kuonekana akienda ngumbaru.

Serikali ilianza shughuli hizo kisheria mwaka wa 1966 kwa sheria iliyounda bodi ya elimu ya watu wazima. Kampeni kubwa ilifuata mwaka wa 1979 chini ya Rais Daniel arap Moi, ambapo idara maalumu iliundwa na walimu 3,000 wakaajiriwa.

Mwaka huo wanafunzi takribani 415,000 walijiandikisha kote nchini. Kufikia mwaka wa 2000 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi takribani 100,000. Walimu waliostaafu au kufariki hawakujazwa nafasi zao kutokana na kusitishwa kwa ajira serikalini, na shauku ya mwanzo ikafifia.

Nchi jirani ya Tanzania ilipita njia tofauti. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka wa 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Asilimia ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ilipungua kutoka 67 mnamo 1967 hadi chini ya 10 mwaka wa 1986. Masomo yaliambatanishwa na kilimo na afya, na madarasa yakafanyika popote palipowezekana: shuleni, misikitini, makanisani na chini ya miti.

Somalia nayo, baada ya kuidhinisha herufi za Kilatini, iliwatuma maelfu ya wanafunzi na walimu wa sekondari mashambani mwaka wa 1974 kuwafundisha wafugaji. Kazi hiyo ilikatizwa kwa sehemu na ukame mkali wa 1974 na 1975. Wasomali wa upande wa Kenya hawakuhusishwa, kwani mpaka ulikuwa umewatenga, nao walikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari iliyodumu hadi mwaka wa 1991.

KARATASI ZINAZOHITAJI MSOMAJI

Zamani ingewezekana kusema kwamba mfugaji hahitaji kalamu. Siku hizi karatasi humfuata hadi malishoni.

Mfano ulio wazi zaidi ni ardhi. Sehemu kubwa ya Ijara ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 inaitaka jamii ijisajili, iwe na kanuni zilizoandikwa, na ichague kamati ya wanachama kati ya 7 na 15 ya kuisimamia ardhi hiyo.

Sheria hiyo pia inasema mkataba wa uwekezaji hauwezi kupitishwa bila idhini ya thuluthi mbili ya baraza la jamii. Kinga hiyo ni imara kama wanaopiga kura wameusoma mkataba. Kama waliousoma ni wawili au watatu, thuluthi mbili ya mikono iliyoinuliwa yaweza kuwa sauti ya hao wachache tu.

Suala hilo si la kinadharia. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mnamo Machi 2012, unahusisha barabara ya kutoka Lamu kupitia Ijara hadi Garissa. Katika eneo hilo hilo ipo hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, inayomlinda hirola, mnyama wa jamii ya swala aliye katika hatari kubwa ya kutoweka. Barabara na hifadhi zote huja na ramani, mikataba na kumbukumbu za mikutano.

Mfano wa pili ni afya. Mwishoni mwa 2006, mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa ulianzia Garissa na kuenea sehemu nyingine za Kenya, na kuua zaidi ya watu 150 nchini kabla ya kudhibitiwa mwaka wa 2007. Wakazi walionywa wasichinje wala kugusa mifugo wagonjwa, na onyo hilo lilikuja karibu na Idd-ul-Adha, sikukuu ya kuchinja.

Katika mkoa ambao watu 92 kati ya 100 hawakuweza kusoma tangazo, karatasi iliyobandikwa ukutani haingeokoa wengi. Neno la mdomo, redio na mimbari ndizo njia zilizobaki. Njia hizo hufaa wakati wa dharura, lakini haziwezi kumsaidia mama aliye peke yake usiku akiwa na chupa ya dawa ya mtoto.

Mfano wa tatu ni kura. Kanuni za uchaguzi za mwaka wa 2012 zinamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma asaidiwe na mtu aliyemchagua. Asipokuwa naye, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala wa wagombea. Utaratibu huo ni wa haki, lakini kura yake haiwi siri tena.

Tangu Machi 2007, huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa, umeongezeka mfano wa nne. Mtu asiyesoma hulazimika kumpa mwingine simu yake pamoja na namba yake ya siri ili amtumie au ampokelee pesa. Wengi husaidiwa kwa uaminifu, lakini anayeibiwa hana namna ya kuligundua hilo kwa macho yake.

Haya ndiyo masomo ambayo kisomo cha Ijara kingepaswa kuanza nayo: jina kwenye kitambulisho, kipimo cha dawa, ujumbe wa pesa katika simu, karatasi ya kura na kumbukumbu za mkutano wa ardhi. Mtu mzima hasomi kwa ajili ya mtihani wa mwaka ujao. Husoma ili atumie alichosoma siku hiyo hiyo.

SAA ZA SALA, SAA ZA SOMO

Msikiti pia hutatua tatizo la wakati. Maisha ya mfugaji hayafuati kengele. Asubuhi ni ya kunywesha na kupeleka mifugo malishoni, na jioni ni ya kukamua. Lakini sala tano zinajulikana na wote, na somo linalopangwa "baada ya dhuhuri" au "baada ya alasiri" halihitaji saa ya mkononi wala tangazo.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika bila mzozo, kwa kuwa kila mtu anajua mabadiliko hayo. Darasa la serikali lililopangwa saa nane mchana katika shule ya msingi mara nyingi huanguka mwezi huo.

Faida nyingine ni ya lugha. Ijara si ya Wasomali peke yao. Wamo Waboni, wanaojiita Aweer, katika maeneo ya msitu, na Wapokomo wanaolima kando ya mto Tana. Waboni kwa wingi ni Waislamu, na wamo Waislamu wengi miongoni mwa Wapokomo pia. Msikitini watu hao husimama safu moja, na lugha inayowaunganisha nje ya sala mara nyingi ni Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi.

Kwa sababu hiyo, njia yenye mantiki ni kuanza kusoma kwa lugha ya mama, kisha kuhamia Kiswahili mara herufi zinapozoeleka.

WANAWAKE WASIPOSAHAULIKA

Msikiti una upungufu mmoja mkubwa: katika sehemu nyingi za Kaskazini Mashariki, wanaokusanyika humo kwa wingi ni wanaume. Mpango utakaoishia msikitini utawaacha nje walio na haja kubwa zaidi.

Wanawake ndio wanaochota maji, wanaokamua na kuuza maziwa, na ndio wanaopewa kadi ya kliniki ya mtoto. Wengi waliozwa kabla ya kupata nafasi ya shule. Darasa lao lahitaji kuwa karibu na nyumbani, kwa saa wanazoweza, na likiwezekana chini ya mwalimu wa kike.

Historia ya Uislamu ina mifano ya kutosha kwa atakayesema jambo hilo ni geni. Katika karne ya 19, Nana Asma'u, bintiye Usman dan Fodio wa Sokoto, katika Nigeria ya leo, aliwafunza wanawake waliotoka kijiji hadi kijiji wakiwafundisha wenzao majumbani. Yeye mwenyewe aliandika kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa.

Karibu zaidi na Ijara, katika visiwa vya Lamu ambavyo kaunti yake inapakana na Garissa, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake kwa ajili ya bintiye mwaka wa 1858. Tenzi za zama hizo ziliandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zile zile zinazofundishwa duksini.

Pwani pia imeonyesha kwamba masomo ya kidunia na ya dini yanaweza kukaa chumba kimoja. Mpango wa madrasa za watoto wadogo ulioanzishwa Mombasa mwaka wa 1986 kwa msaada wa wakfu wa Aga Khan ulichanganya masomo hayo, na ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Wanawake wa mitaa husika ndio waliofunzwa kuwa walimu.

NANI ATAFUNDISHA?

Suala la walimu limekuwa gumu zaidi tangu mashambulizi ya al-Shabaab yalipoongezeka. Shambulizi la Aprili 2, 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa liliua watu 148. Septemba mwaka huo serikali ilianzisha operesheni ya usalama katika msitu wa Boni, unaopakana na Ijara.

Mnamo Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Shule za watoto zilibaki na pengo kubwa. Madarasa ya watu wazima, ambayo hayakuwa na walimu wa kutosha hata kabla ya hapo, hayawezi kutarajia kupewa kipaumbele.

Njia iliyobaki ni kuwafunza wenyeji: vijana waliomaliza kidato cha nne wakakosa kazi, na maalim wa duksi walio tayari kujifunza mbinu za kufundisha watu wazima. Maalim huyo ana sifa ambayo mwalimu wa kutoka mbali hana: familia zikihama, naye huhama. Sifa hiyo ilihitajika sana wakati wa ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo.

Lakini maalim hawezi kufanya kazi hiyo kwa dua peke yake. Anahitaji malipo ya kila mwezi, vitabu na ukaguzi. Chini ya Katiba ya 2010, kaunti zilipewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini; elimu ya watu wazima imeendelea kuwa chini ya wizara ya elimu ya taifa. Gharama hiyo, basi, ni ya serikali kuu.

MIPAKA YA MSIKITI

Wapo watakaouliza iwapo ni halali kwa serikali kufundisha ndani ya nyumba ya ibada. Katiba inasema wazi kwamba Kenya haina dini rasmi. Jibu ni kwamba msikiti hapa hutoa ukumbi, wakati na imani ya watu. Mtaala, mwalimu na mtihani hubaki vya umma, na darasa husajiliwa kama darasa lolote lile.

Wakazi wasio Waislamu, wakiwemo baadhi ya Wapokomo na familia za watumishi wa umma, nao wana haki ya darasa mahali pasipowalazimu kuvua viatu. Shule ya msingi iliyo karibu, alasiri baada ya watoto kuondoka, yatosha kwa hilo.

Usajili huo una manufaa mengine. Katika eneo ambalo vyuo vya dini vimewahi kutazamwa kwa jicho la shaka na maafisa wa usalama, darasa linalojulikana na ofisi ya elimu, lenye daftari la mahudhurio na mtaala ulio wazi, humlinda maalim na wanafunzi wake.

Wapo pia viongozi wa dini wanaohofia kwamba masomo ya kidunia yatapunguza nafasi ya Kurani. Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa, kwani shule za serikali ziliwahi kuonekana kama chombo cha kuwabadilisha watoto imani. Huondolewa kwa kuwashirikisha viongozi hao tangu mwanzo katika kupanga saa, mahali na vitabu, na kwa kuhakikisha darasa halichukui saa za darsa.

Kila Septemba 8, Kenya huungana na ulimwengu kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kisomo. Hotuba husomwa na vyeti hutolewa. Kwa Ijara, kipimo cha mafanikio kinaweza kuwekwa kwa njia rahisi zaidi: katika mkutano ujao wa ardhi ya jamii, ni wangapi watakaoweza kuishika karatasi wenyewe, kuisoma hadi mstari wa mwisho, na kuirudisha bila sahihi iwapo hawakuridhika nayo?